Habari za Mawe ya Kale, na Maneno Yasemwayo Juu Yake

Hapa Didia, na katika nchi yote ya Usukuma hata ufike ziwani Mwanza, mtu haendi mwendo mrefu asione vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, jiwe juu ya jiwe, na mengine yamekaa juu ya ncha ndogo kana kwamba yamewekwa na mkono wa mtu. Siku moja tuliwauliza watoto wa darasa letu ni nani aliyeyapanga. Mmoja akajibu kwamba ni majitu ya zamani. Wa pili akasema ni Shing'weng'we, lile zimwi la hadithi zetu lililowameza watu wote mpaka Masala Kulangwa akalipasua. Wa tatu, mwana wa mchimbaji dhahabu, hakusita: "Ni Wajerumani, Mwalimu. Waliweka alama wasipasahau mahali walipofukia mali yao." Darasa zima likamwunga mkono huyu wa tatu.

Twakiri kwamba siku ile tulicheka. Baadaye tulipokaa na kufikiri hatukucheka tena, kwa sababu neno la mtoto yule ndilo neno la watu wazima wengi, na tena ndilo neno la wataalamu wa Ulaya walioandika vitabu vinene katika karne ya 19 na ya 20: penye kazi kubwa ya mawe, mtafute mgeni. Neno hilo ndilo tutakalo kulipima hapa.

Kwanza tuzimalize habari za mawe yetu, maana ni fupi. Hakuna aliyeyapanga. Jiwe hili gumu liitwalo matale liliganda chini ya ardhi zamani mno, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, kisha likapasuka nyufa za kusimama na nyufa za kulala. Maji yakapenya katika nyufa hizo yakalioza jiwe polepole, na pembe zake zikaoza kwanza, kwa kuwa pembe huliwa kutoka pande mbili au tatu pamoja. Kilichobaki ni kama mioyo ya jiwe, yenye umbo la mviringo, imezungukwa na udongo. Mvua za miaka isiyohesabika zikauchukua udongo ule, na mioyo ikabaki imekaliana palepale ilipokuwa. Hata leo mtu akitazama ubavu wa jiwe kubwa ataona magamba yakibanduka kama maganda ya kitunguu. Lile jiwe la Bismarck lililo majini Mwanza ni la namna hiyohiyo. Wajerumani walilipa jina tu, hawakulipandisha.

Basi kosa la kwanza ni kuona mkono wa mtu mahali pasipo na mkono. Kosa hili halina madhara makubwa, na hadithi ya Shing'weng'we ni tamu, hatutaki iachwe. Kosa la pili ndilo baya: kuona kazi ya mikono kwelikweli, kisha kuwanyima kazi hiyo watu walioifanya.

Na hapo yafaa tuulize, neno hili la mali ya Wajerumani lilitoka wapi? Halikutoka hewani. Mwaka 1916, vita ilipokuwa imewazingira, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu huko Tabora, katika karakana ya reli, kwa dhahabu iliyotoka machimbo ya Sekenke. Zilikuwa za rupia 15, zina picha ya tembo, na hesabu yake ni zaidi ya 16,000. Mwezi Septemba mwaka uleule wakauacha mji wa Tabora mbele ya majeshi ya Wabelgiji. Ongeza juu yake kwamba katika nchi ya Geita na Shinyanga dhahabu imo ardhini kweli, na almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 mahali ambapo watu walikuwa wakilisha ng'ombe, nawe utaona jinsi mtu mwenye shida ya fedha anavyokuwa tayari kusadiki kwamba chini ya kila jiwe la ajabu pana sanduku. Lakini sarafu zile zilipigwa zipate kutumika, nazo zilitumika. Nyingi zimo mikononi mwa watu wakusanyao fedha za kale. Na hata kama ziko zilizofukiwa, mtu anayekimbia vitani hapandishi majabali kuwa alama.

Msomaji ataweza kusema kwamba huo ni upuzi wa wachimbaji wasiosoma. La. Upuzi huohuo umewahi kupewa hati na kibali. Mwaka 1895, katika nchi iliyoitwa Rhodesia, ambayo tangu mwaka 1980 ni Zimbabwe, iliundwa kampuni ya watu waliopewa ruhusa na kampuni ya Cecil Rhodes kuchimba magofu ya mawe ya nchi ile, ila Zimbabwe Kuu yenyewe, ili watafute dhahabu. Wakachimba. Walifukua makaburi, wakatoa shanga na bangili za dhahabu, na nyingi zikayeyushwa. Mwaka 1902 sheria ikatungwa kulinda magofu, lakini kilichokwisha kuyeyushwa hakikuweza kurudi kuwa bangili, na mchanga uliokwisha kuchanganywa haukuweza kupangika tena, wa chini chini na wa juu juu.

Kwa nini waliruhusiwa? Kwa sababu walikwisha kuambiwa kwamba majengo yale si ya wenyeji. Mjerumani mmoja, Karl Mauch, aliyefika Zimbabwe Kuu mwaka 1871, alikwangua kipande cha mti uliokuwa juu ya mlango, akakilinganisha na kalamu yake ya risasi iliyofanywa kwa mti wa mwerezi. Rangi moja, harufu moja. Basi akakata maneno: huu ni mwerezi wa Lebanoni, mwerezi wa Lebanoni uliletwa na Wafoinike, kwa hiyo nyumba hii ni ya malkia wa Sheba, aliyemwendea Sulemani. Jumba zima la fikira lilisimama juu ya kalamu moja. Mti ule baadaye ulijulikana kuwa ni wa aina iotayo katika nchi ileile.

Sisi tuliolelewa na Maandiko imetupasa tuseme jambo hapa, kwa kuwa Maandiko yalitajwa sana katika shauri lile. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme chataja Ofiri, na dhahabu iliyoletwa kwa merikebu, na malkia aliyekuja na ngamia na manukato. Hakisemi Ofiri iko wapi. Hakisemi neno hata moja juu ya kuta za mawe zilizoko kusini mwa mto Zambezi. Mtu aliyeyatia maneno hayo katika Kitabu hakukiheshimu Kitabu. Alikitumia kama shahidi asiyekuwapo.

Lakini lililotuumiza zaidi katika kusoma habari hizi si la Mauch, kwa maana yeye alikuwa msafiri aliyechoka, tena mgonjwa wa matumaini. Ni la Richard Hall, aliyewekwa kuwa mlinzi wa Zimbabwe Kuu mwaka 1902. Mtu huyu alisadiki kabisa kwamba waliojenga walikuwa wageni wa kale, na kwamba Waafrika walikuja baadaye tu, wakakaa katika nyumba za watu. Kwa hiyo alipokuta ndani ya kuta udongo wenye vigae vya vyungu, majivu, na sakafu za nyumba za udongo, aliuona kuwa ni takataka za hao waliokuja nyuma, akaamuru uondolewe, apate kuzifikia kazi za wageni wake. Akachimbua na kutupa kina kirefu. Takataka zile ndizo zilizokuwa ushahidi. Mtu alipewa kazi ya kutunza kitabu, akachana kurasa kwa sababu hazikuandikwa kwa lugha aliyoitazamia.

Mwaka 1905 David Randall-MacIver alifika akachunguza, akasema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika na si ya kale kama ilivyodhaniwa. Hall alimjibu kwa hasira. Mwaka 1929 akaja bibi mmoja, Gertrude Caton-Thompson, akatafuta mahali ambapo hapajaguswa, akachimba chini ya sakafu na chini ya msingi wa kuta. Hoja yake ni nyepesi hata mtoto aifahamu: kitu kilicho chini ya ukuta kilikuwapo kabla ya ukuta. Na vyungu alivyovikuta chini vilikuwa vyungu vya watu wa nchi ile, pamoja na vitu vichache vya kigeni vilivyoletwa na biashara. Siku hizi wataalamu wanakubaliana kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa tangu karne ya 11 hata karne ya 15, na wazee wa watu waitwao leo Washona. Hata hivyo serikali ya walowezi haikupenda neno hili litangazwe, na mtaalamu Peter Garlake, aliyekataa kuandika kinyume cha alichokijua, aliondoka katika nchi ile mwaka 1970. Kumbe miaka 41 baada ya yule bibi, ukweli ulikuwa bado wafukuza watu makazini.

Tusidhani lakini kwamba nchi zetu za Afrika ya Mashariki ziliokoka. Mwaka 1933 mwanachuoni aitwaye G. W. B. Huntingford aliandika habari za ustaarabu aliouita wa Azania. Jina Azania alilipata katika maandishi ya Wayunani ya zamani. Alikusanya pamoja magofu ya mawe, mifereji, matuta ya vilimani na njia za kale za bara la Kenya na za jirani zake, akasema ni kazi ya taifa moja la Kihamu lililotoka kaskazini, kisha likatoweka. Twamsifu kwa jambo moja: alitembea, akaona kwa macho yake, akaandika mambo ambayo wengine waliyapita. Lakini hoja yake ina kasoro tatu. Alishika vitu vya nyakati mbalimbali akavifunga katika mzigo mmoja. Aliona kufanana kwa kazi akadhani ni umoja wa kabila, kana kwamba watu wote wapangao mawe bila chokaa ni ndugu. Na zaidi ya yote, wale Wahamu wake hawakuonekana popote isipokuwa katika kazi yenyewe: kazi ni ya Wahamu kwa kuwa ni nzuri, na Wahamu walikuwapo kwa kuwa kazi iko.

Na huyu Hamu, mwana wa Nuhu, ametumikishwa sana. Zamani wenye watumwa walimtaja ili kusema kwamba watu weusi wamelaaniwa kwa ajili yake. Wataalamu walipokuja nyuma wakamgeuza, wakasema wana wa Hamu ni watu wengine, wenye damu ya karibu na Ulaya, waliowaletea weusi kila kitu kilicho chema. Mtu mmoja, kwanza atulaani, kisha atunyang'anye. Hatujui kama yuko mwingine katika Maandiko aliyepata kazi mbili namna hiyo.

Katika Tanzania jambo hili laonekana vizuri huko Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, si mbali na mlima Oldoinyo Lengai. Hapo pana mashamba ya kale yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, mifereji iliyojengwa kwa mawe kuyatoa maji ya vijito vishukavyo ukingoni, na juu yake, katika mteremko, vijiji saba vyenye vituo vya nyumba vilivyosawazishwa na kuzungushiwa mawe. Eneo lake lote ni kama kilometa 20 za mraba. Louis Leakey alipafika mwaka 1935, akahesabu vituo vya nyumba, akakadiria kwamba watu 30,000 hata 40,000 walikaa pale. Tangu hapo Engaruka ikaitwa mji uliopotea, na jina hilo likawaita wenye kupenda miujiza. Yawezekanaje mji mkubwa hivyo katika nyika kavu? Bila shaka walikuwa Waarabu, au Wamisri, au watu wa Yemeni!

Mwujiza uliingia kwa mlango wa hesabu. Kila kituo kilihesabiwa kuwa kilikaliwa siku ileile moja, hali watu huhama, nyumba huanguka, na mjukuu hujenga juu ya babu yake au kando yake. Waliochimba baadaye, Hamo Sassoon katika miaka ya 1960 na John Sutton baada yake, walituonyesha kitu kisicho cha ajabu kama mji uliopotea, lakini kwetu sisi chapendeza zaidi: wakulima. Watu waliolima mtama, wakafuga ng'ombe zizini na kutumia samadi yao, wakagawana maji kwa vipimo, wakakaa pale tangu karibu karne ya 15 hata karne ya 18. Kisha wakaondoka, na vijito vingine vya zamani leo havina maji ya kutosha, ingawa mto Engaruka wenyewe ungali watiririka, na watu wa sasa wanalima kwa maji yake. Jiwe moja la mstari wa shamba ni dogo, mwanamke alibeba kwa mkono mmoja. Ajabu haimo katika jiwe. Imo katika kuafikiana mwaka baada ya mwaka kwamba leo maji ni ya fulani na kesho ni ya fulani. Kwa kazi hiyo huhitaji Mmisri. Wahitaji wazee wanaosikilizwa.

Je, walikuwa kabila gani? Wengine huwataja Wasonjo, ambao mpaka leo wanagawana maji kwa mifereji. Wengine huwataja Wairaki wa Mbulu, ambao ni hodari wa kilimo cha milimani. Sisi hatukati shauri hilo, maana makabila hayakai kama mawe. Hugawanyika, huolewa, hubadili lugha. Na hapo tuna neno kwa wenzetu pia. Tumemsikia mwalimu mmoja akiwaambia wanafunzi kwamba Engaruka ilijengwa na Wasukuma. Tulipomwuliza alijuaje, alijibu kwamba Wasukuma ni wakulima na wafugaji. Hiyo ni kalamu ya Mauch tena, imeshikwa na mkono mweusi.

Wala tusiseme kwamba hakuna mgeni aliyefanya lolote popote. Pwani, hadithi za Kilwa zasema kwamba wafalme wa kwanza walitoka Shirazi. Wataalamu waliochimba Shanga katika visiwa vya Lamu walikuta misikiti ya miti na udongo chini ya misikiti ya mawe, ya kwanza tangu karne ya 8, na mji ukikua hatua kwa hatua mikononi mwa wenyeji; wengi wakaona habari za Shirazi ni majivuno matupu. Lakini mwaka 2023 ukatangazwa uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa miji ya pwani na ya jirani zake, nao ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na mama wa Kiafrika, na katika ukoo wa baba wengi walikuwa na damu ya Uajemi, iliyochanganyika kuanzia karibu mwaka 1000. Basi wazee wa Kilwa walikuwa na chembe ya kweli, na wale waliowacheka walikosa kwa sehemu. Twaona fahari kulisema hili, kwa sababu anayetaka ushahidi uheshimiwe sharti aupokee hata unapomkata maneno.

Kuna mahali pengine ambapo twapenda kupataja, kwa kuwa panaondoa dhana moja iliyozoeleka, kwamba mawe makubwa hayasimami bila mfalme na watumwa wake. Kando ya ziwa Turkana, Kenya, kuna nguzo za mawe zilizosimamishwa. Waturkana husimulia juu ya nguzo za Kalokol kwamba ni watu waliogeuzwa mawe wakicheza ngoma. Wataalamu wawili mwaka 1978 waliandika kwamba nguzo zile zilipangwa kufuata nyota, na kwamba ni za karne chache kabla ya Kristo. Neno hilo likaenea sana, lakini wengine walilitilia shaka. Mwaka 2018 ikatangazwa habari ya mahali pengine pa jamii hiyohiyo, Lothagam. Pale chini ya jukwaa la mawe wamezikwa watu wasiopungua 580, waume kwa wake, wazee kwa watoto, na karibu kila mmoja na mapambo yake. Umri wake ni miaka kama 5,000. Waliojenga walikuwa wafugaji wa kwanza wa nchi ile, na makaburi hayaonyeshi bwana mkubwa aliyetukuzwa kuliko wengine. Mawe yale yalichukuliwa na watu waliotaka kuzikana vema.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza mtu kuchimba au kuharibu vitu vya kale bila kibali, lakini sheria haikai porini usiku. Kijiji kimoja, tusichokitaja, kilikuwa na jiwe pana la matale lenye safu za mashimo ya bao, yaliyochimbwa na wachungaji wa zamani, laini kwa kuguswa na vidole vya watu wengi. Wakaja vijana wawili na mtu aliyejiita fundi, akasema mashimo yale ni hesabu ya Wajerumani, na kwamba kila shimo ni sanduku moja. Wakawasha moto mkubwa juu ya jiwe usiku kucha, alfajiri wakalimwagia maji baridi, likapasuka.

Mzee mmoja aliyechimba dhahabu tangu ujanani alituambia kwamba aliwaonya. Dhahabu, alisema, hufuata mshipa wa jiwe jeupe. Katika matale matupu kama yale hata mjinga hapigi nyundo. Wakamjibu kwamba yeye ajua dhahabu ya Mungu, haijui dhahabu ya Wajerumani.

Tuliwapeleka wanafunzi kulitazama. Chini yake palikuwa na udongo mwekundu, na shimo la kimo cha mtu lililokwisha kuanza kujaa maji ya mvua. Yule mtoto aliyejibu wa tatu aliinama akahesabu mashimo ya bao yaliyobaki. Akapata kumi na moja. Vipande vingine, tuliambiwa, vilikwisha kuchukuliwa kuwa kokoto za msingi wa nyumba.